Siku Shangazi Alipomsemesha Kabuti

Mwezi uliopita nilikuwa Jinja kwa harusi ya mtoto wa binamu yangu. Asubuhi ya pili, kabla wenyeji hawajaamka kusugua masufuria, nilitoka nikatembea peke yangu hadi katikati ya mji. Nilitaka kuliona lile jengo. Kama ulikulia kule utalikumbuka: nguzo nne mbele, mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango, moja ya yale maduka waliyoyajenga Wahindi zamani. Siku hizi wanauza magodoro. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka binti mmoja akatoka na kuniuliza, "Mama, unataka ya watu wangapi?" Nikamwambia naangalia tu. Ningemwambia nini? Kwamba hapo alipoegemeza magodoro ndipo shangazi yangu aliposimama na kuushika mji mzima kwa sauti yake?

Nilikuwa na miaka kumi. Vita vilikuwa vimekwisha, au ndivyo redio ilivyosema. Serikali ilikuwa mpya na askari walikuwa wapya, lakini rangi ya maduka ilikuwa ileile, inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeugua surua. Makorongo walikaa juu ya mabati wakitutazama kama wazee wa baraza. Sukari tuliisikia harufu tu, upepo ulipovuma kutoka upande wa kiwanda, kikombeni haikuwamo.

Tulikaa Mpumudde, pembeni ya Jinja, nyumba ya vyumba viwili: baba, mama, sisi watoto wanne, na shangazi, dada yake baba, aliyetujia kutoka Mbale baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili. Alfajiri, baada ya kuswali, alituamsha sisi wasichana kumenya viazi na kukata vitunguu. Yeye alikanda unga, akausukuma mwembamba hadi ungeweza kuona mkono wake upande wa pili, akakunja sambusa. Mpaka leo nikisikia harufu ya bizari ikiingia kwenye mafuta ya moto, macho yananiwasha kwa vile vitunguu. Saa nne alijitwisha beseni na kwenda mjini, kuuza kwenye baraza ya ukumbi wa video.

Shangazi alizaliwa na kukulia Mbale, mtaa wa Waislamu wafanyabiashara, na Kiswahili ndicho alichootea ndoto. Ndicho tulichoongea nyumbani. Lakini wewe unajua Kiswahili kilivyokuwa kwetu miaka ile. Kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Watu wengi wa Jinja walijua maneno yake machache tu: simama, lala chini, toa kitambulisho. Waliyajua vizuri mno.

Jirani yetu, mama wa Kisoga, alikuwa mmoja wao. Wakati wa vita wanaume wenye magwanda walimkuta mumewe shambani, wakamuuliza maswali matatu kwa Kiswahili. Hakujua kujibu. Wakaondoka naye, na hakurudi. Mama huyo hakuwa mtu mbaya kwetu hata kidogo; viazi vitamu vyake vya kwanza kila msimu vilikuja kwenye meza yetu. Lakini shangazi alipotuita kwa nguvu uani, "Njooni mle! Chai inapoa!", jirani aliinuka na kufunga dirisha lake. Hakulibamiza. Alilifunga taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Baba aliliona hilo na likamuumiza. "Dada," alimwambia shangazi, "barabarani ongea Kisoga."

"Kisoga changu ni cha kununulia nyanya," shangazi akajibu. "Nikiongezea neno la pili, watu wanacheka."

Sasa nikuambie kuhusu ukumbi. Ulikuwa ndani ya lile jengo la nguzo nne, chumba kirefu kilichowahi kuwa ghala la nguo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, na mwisho kabisa, juu ya meza ndefu, televisheni moja na deki ya kaseti. Filamu zilikuwa za Kizungu, kwa hiyo alikuwapo mtafsiri, kijana mmoja aliyekaa kando ya televisheni na maiki, akizigeuza kwa Kiganda zikiwa zinaendelea. Shangazi alizisikia zote kutoka barazani, kupitia gunia. Na yeye Kizungu alikijua, maana Mbale alimpikia daktari mmoja wa misheni kwa miaka kumi na miwili. Mara nyingi nilimwona akitingisha kichwa juu ya beseni na kunong'ona, "Hakusema hivyo. Kijana anadanganya watu."

Mwaka uliotangulia ilikuwa imekuja filamu ya mtu mwenye nguvu za ajabu. Aliruka angani, alisimamisha treni kwa kifua, risasi zilimdunda kama mahindi kwenye bati. Mgongoni alivaa kitambaa kirefu, kama kabuti la askari wa zamu. Jina lake la Kizungu halikutukaa mdomoni, sisi tukamwita Kabuti. Tulimpenda wiki mbili, kisha tukamchoka. Kabuti alikuwa amenuna. Tangu mwanzo hadi mwisho hakutabasamu; alikuwa na uso wa mwalimu mkuu aliyepotelewa na funguo. Mtafsiri naye alimsemesha kama mhubiri wa mazishi. Watu wakasema, mtu mwenye nguvu halafu hacheki, huyo tunamjua, tumeshatawaliwa naye.

Ndiyo maana Jumamosi moja mwenye ukumbi alipoandika kwa chaki kwenye ubao wake, KABUTI AMERUDI, KICHEKO NA VITA, hakuna aliyeamini hilo neno kicheko. Lakini walikuja. Kaseti ilikuwa ya siku moja tu, kesho yake ilitakiwa Mbale. Kwa kawaida askari na watu wa magereza walikuwa na siku yao, Jumapili, na raia walikuwa na siku yao. Safari hii hapakuwa na Jumapili ya kungoja. Baada ya swala ya adhuhuri mabenchi ya mbele yalijaa askari, ya nyuma yakajaa watu wa mji, na katikati ukabaki uwazi wa benchi moja ambalo hakuna aliyetaka kulikalia. Hata jirani yetu alikuja, wanawe walikuwa wamemlilia siku tatu. Alikaa karibu kabisa na mlango.

Mtafsiri hakuja. Koo lilikuwa limemvimba, hata maji hayakupita. Mwenye ukumbi akatoka barazani, jasho linamtiririka.

"Mama, wewe unasikia Kizungu?"

"Nasikia."

"Niokoe, mama. Hawa wa mbele nikiwaambia leo hakuna, watanivunjia ukumbi."

Shangazi akatazama beseni lake. Akafuta mikono kwenye leso, akajifunga mtandio vizuri, akaingia. Mimi nikamfuata na kuketi kwenye lile benchi tupu la katikati, maana ndilo lililokuwa na nafasi.

Alianza kwa Kisoga. Loo, rafiki yangu, niliona aibu mpaka vidole vya miguu vikajikunja. Kabuti aliruka juu ya mji mkubwa usiku, na shangazi akasema kitu ambacho kwa Kisoga kilikuwa kama "nyanya hii iko juu". Watoto wa nyuma wakacheka, na si kicheko kizuri. Akajaribu tena. Hapo sajini mmoja wa benchi la kwanza, mtu mrefu wa kaskazini, akasimama. Kivuli chake kikaifunika televisheni yote.

"Wewe mama! Sema Kiswahili! Hii ingine sisi hatusikii!"

Ukumbi ukaganda. Sauti ilikuwa ileile, maneno yaleyale, namna ileile ya kusema *wewe*. Nyuma yangu nilisikia mabenchi yakilia, akina mama wakiokota watoto wao kimyakimya. Niligeuka. Jirani yetu alikuwa ameshasimama, mkono mmoja umeshika gunia la mlangoni.

Shangazi alimtazama yeye. Kisha akamtazama sajini. Kisha akainua maiki, na sauti yake ikajaa chumba kizima, kwa Kiswahili, pole kabisa:

"Afande, keti. Bunduki umeiacha kambini. Humu ndani maiki ninayo mimi, kwa hiyo afande ni mimi."

Deki ilisikika ikizungusha kaseti. Nilifikiria baba atasemaje akiambiwa. Sajini alisimama palepale, na mimi nikahesabu vifungo vya shati lake kwa sababu sikuthubutu kuutazama uso. Halafu akagonga visigino pamoja, akapiga saluti ya kweli na kupaza sauti, "Ndiyo, afande!" Akaketi.

Wa mbele walipasuka kwa kicheko. Wa nyuma bado. Shangazi akashusha sauti, akawaambia wao: "Na nyinyi wa huko, kaeni. Leo Kiswahili hakimkamati mtu."

Wakakaa. Mmojammoja, lakini wakakaa.

Sasa filamu yenyewe ilikuwa imefika pale Kabuti anapotua juu ya daraja, na walinzi wa adui, wenye kofia za chuma, wanamzuia. Darajani pana mapipa na mti umelazwa njiani. Kila mtu mle ndani, wa mbele na wa nyuma, aliijua picha ile. Ilikuwa rodibuloku, kizuizi cha barabarani, ileile tuliyopita kila siku. Shangazi akaubadilisha mdomo wake. Akawa mlinzi, kwa Kiswahili kilekile cha kambini:

"Wewe! Simama! Natoka wapi?"

Kisha akawa Kabuti, kwa sauti ya mtu mpole mwenye mafua: "Natoka juu, afande."

"Juu wapi? Juu iko kwa wilaya gani?"

"Juu kabisa, afande. Kwa mawingu."

"Kitambulisho iko wapi?"

"Hii nguo haina mfuko."

"Na hiyo chupi, kwa nini iko nje ya suruali?"

"Nilivaa haraka, afande. Kuna watu wanalia."

Nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tena. Ukumbi mzima ulicheka kwa pamoja, wenye magwanda na wasio na magwanda, kwa neno moja, katika lugha ile. Sajini alikuwa anampiga mwenzake mgongoni kwa ngumi. Bwana mmoja wa magereza alivua kofia akauficha uso wake humo. Na nyuma kabisa nikasikia mtu kama ana kwikwi. Niligeuka nikidhani jirani yetu analia. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alikuwa anacheka pia, amejiziba mdomo kwa viganja viwili na mabega yanaruka.

Baada ya hapo shangazi hakushikika. Yalikuwapo mapigano ya kutosha: magari yalirushwa, Kabuti alipigwa akapenya kuta tatu, akarudi na vumbi kichwani. Palikuwa na bibi mfua nguo aliyemshonea kabuti lake lililochanika, na shangazi akamfanya bibi huyo mtu wa Mbale kabisa. Adui anabisha mlango, bibi anamwambia shujaa, "Utapigana ukishakula. Kaa. Nawa mikono." Kabuti lilibanwa na mlango, shujaa akaning'inia, na hata hapo shangazi hakusema kitu, alipumua tu kwenye maiki, "Aaah, jamani," tukaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mwisho wa filamu benchi la katikati lilikuwa limejaa. Sijui walihamia saa ngapi. Kushoto kwangu alikaa askari mwenye harufu ya sabuni ya magadi, kulia kwangu mwanafunzi wa Mpumudde, na wote wawili walikuwa wameniegemea.

Tulirudi nyumbani kwa miguu pamoja na jirani, mtoto amemlalia mgongoni. Tulipofika penye ua wetu akasimama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitoa Kiswahili mdomoni mwake, na zile *l* na *r* zetu zikipishana.

"Mama, hiyo firimu. Pale anasema alivaa haraka. Nirudirie."

Shangazi akamrudia, bila maiki, bila kuigiza. "Nilivaa haraka, afande. Kuna watu wanalia."

Jirani aliitikia kwa kichwa. "Mimi hii lugha najua kidogo," akasema. "Nilikuwa nakataa tu." Akaingia kwake.

Baba alikuwa amekwisha kupata habari. Alikuwa ametunga hotuba ya hasira, nadhani, kwa sababu alikuwa amesimama katikati ya chumba. Lakini alipomwona dada yake alivuta kiti, akamketisha, akamletea maji mwenyewe. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akibeba bilauri.

Asubuhi iliyofuata mwenye ukumbi alikuja kabla ya chai. Kaseti inaondoka kwenda Mbale, na watu wa Mbale wamesikia. Hawataki kaseti peke yake. Ilikuwa likizo, nikang'ang'ania leso ya shangazi mpaka akanichukua. Tulipanda nyuma ya pikapu, kupitia Iganga na Tororo, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kwenye kizuizi cha pili askari mmoja alitukazia macho na kuuliza, "Nyinyi natoka wapi?" Nikahisi kicheko kinapanda kama gesi ya soda. Shangazi alinifinya paja, alama ilikaa siku tatu.

Mbale ilikuwa mji wake. Aliniambia majina ya mitaa kabla hatujaifikia. Mlima Wanale ulikuwa umevaa wingu kiunoni. Lakini kwenye baraza za shule walilala watu wengi waliokimbia kutoka nyanda za kaskazini, ambako vita havikuwa vimesikia kwamba vimekwisha. Walikuwa wamefukuzwa makwao na ng'ombe wao kuswagwa wote na wanyang'anyi. Ukumbi wa Mbale ulikuwa nyuma ya soko, na mchana ule wakimbizi hao waliruhusiwa kuingia bure. Walikaa na Wagisu wenyeji, na wake wa askari magereza, na wauza vitambaa. Kila benchi lilikuwa na lugha yake. Lugha ya kuwakutanisha ilikuwa moja, Kiswahili.

Rodibuloku ilipita, wakacheka. Bibi mfua nguo alipita, wakacheka. Tukafika kwenye pigano la mwisho, daraja limevunjika katikati, basi limejaa watu linaning'inia, Kabuti anakuja kutoka mbali kama nukta. Umeme ukakatika.

Magunia madirishani, mlango umefungwa, giza tupu saa tisa mchana. Watu wakafyonya. Mtoto akaanza kulia. Maiki ilikuwa imekufa pamoja na televisheni. Ndipo shangazi akasema kwa sauti yake ya kuita watoto uani:

"Tulieni. Kabuti hatumii umeme."

Na akaendelea. Hakuona chochote, wala sisi, lakini nakuapia niliona kila kitu. Alimfikisha Kabuti chini ya lile basi. Akamtoa bibi aliyeshika kuku wake. Akamtoa mwanamke na mapacha. Daraja linakatika waya mmoja mmoja, *tang*, *tang*, na adui yuko juu anacheka. Kabuti anarudi, anabeba, anarudi. Mwishowe basi likabaki tupu, likaanguka, tukasikia maji yakiruka.

Halafu kutoka gizani, sauti ya mzee, Kiswahili cha kuokoteza njiani:

"Na ng'ombe?"

Katika filamu ile hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mimi nilijua, nilikuwa nimeiona jana yake. Nilisikia shangazi akivuta pumzi.

"Ng'ombe pia, mzee. Anarudi kuwachukua. Anawaleta mmojammoja, amewabeba mabegani."

"Wote?"

"Wote. Anawahesabu. Hajaacha hata ndama."

Na akawavusha. Ilichukua muda mrefu. Mtu alitaja ng'ombe mwekundu, akamvusha mwekundu. Mtu alitaja yule mwenye pembe iliyovunjika. Mwanamke mmoja alitaja jina, jina la ng'ombe wake, kwa Kiteso, na shangazi akalirudia kama lilivyo na kumvusha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemharakisha. Kabuti alichoka, shangazi akamwacha achoke, akasikika akihema.

Umeme uliporudi, televisheni ilituchoma macho. Mwenye ukumbi akainama kwenye deki akauliza kama airudishe nyuma tuone mwisho. Yule mzee alikuwa ameshainuka, anajipangusa magoti.

"Wacha," akasema. "Sisi tumeona."

Shangazi alitafsiri filamu miaka minne hivi, Jinja na Mbale, kisha zikaja filamu za sahani za kung'aa, kisha dishi juu ya kila bati, na kumbi zikafa moja moja. Uzeeni alihamia kwangu hapa Nkoma, mtaa wa Mbale ninakoishi. Mwanangu mwanafunzi aliwahi kuitafuta filamu ile kwenye kompyuta akanionyesha, Kizungu kitupu. Pale darajani Kabuti hasemi kitu. Walinzi wanampigia kelele, anawapiga, anapita. Bibi mfua nguo ana maneno mawili matatu. Kichekesho cha mlango kipo, nikakifurahia. Mengine yote, yale tuliyoyabeba mjini kama chumvi mfukoni, hayakuwa ya waliotengeneza filamu. Yalikuwa ya mwanamke mmoja aliyekuwa anauza sambusa.

Tulimzika hapa Mbale. Wakati wa dua, mtu mmoja wa makamo yangu, nisiyemjua, ana mabuti ya mpira yenye tope la safari, alisimama nyuma ya wengine. Baadaye aliomba kusema. "Mimi nilikuwa mtoto mdogo," akasema. "Huyu mama alituletea ng'ombe zetu." Watu wakatazamana, walidhani amekosea msiba. Imamu akataka kumwuliza.

Nikamzuia. Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo.

Kumbi zimekwisha, kaseti zimeota ukungu, na sauti ile hakuna aliyewahi kuirekodi. Watoto wangu wanatazama mashujaa wao kila mmoja na simu yake, vitu vimepachikwa masikioni, na wanapocheka sijui wanacheka nini. Siwalaumu. Lakini mimi nilikaa benchi la katikati, nikaegemewa pande zote mbili, na aliyekuwa na maiki alikuwa wa kwetu.